Patasi Nilizozichagua, na Zile Zilizoniumbua

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu patasi tatu kabla ya adhuhuri, na zote tatu nilikuwa nimezichagua mwenyewe.

Nilikuwa nimeteremka kutoka Taita na cheti cha useremala ndani ya bahasha ya kaki. Nikapata chumba mtaa wa Barani, kisha nikapata kazi katika karakana moja ya samani pale Malindi mjini. Tulitengeneza vitanda, makabati na fremu za milango. Mafundi walikuwa tisa, wote wanaume. Wa kumi nikawa mimi. Msimamizi wa karakana, ambaye ndiye aliyeimiliki, alikuwa mzaliwa wa mji ule, mtu mzima mwenye kofia nyeupe ambayo haikushika vumbi la mbao hata siku moja. Mpaka leo sijui alifanyaje.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, binti yangu. Cheti chako nimekisoma, kizuri. Sasa njoo tuuone mkono."

Akaniburutia sanduku lililojaa patasi. Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu, patasi ni kile chuma bapa chenye makali upande mmoja na mpini upande wa pili. Tunaigonga kwa nyundo ya mbao kuchimba tundu, au tunaisukuma kwa mkono kusafisha kiungo. Seremala ataazima msumeno, ataazima na randa. Patasi haiazimwi, maana kila mtu huinoa kwa mkono wake na makali huufuata mkono huo.

"Chagua sita," msimamizi akasema. "Hizo ndizo zako."

Nilichagua kama mtu anayenunua vijiko vya harusi. Nikatoa zilizong'aa, zenye mipini myekundu iliyopakwa vanishi, nikazipanga mezani nikajiona fundi. Nikapewa ubao wa mbambakofi, mti mgumu tunaoutumia kwa milango mizito, nichimbe matundu ya fremu. Ya kwanza ilikunja makali kama karatasi. Ya pili ikamegeka pembe. Ya tatu mpini ulipasuka katikati, nusu moja ikaniponyoka ikaenda kugonga debe la gundi. Karakana nzima ikacheka. Msimamizi hakucheka.

"Umezichagua mwenyewe," akasema. "Endelea na hizo tatu zilizobaki mpaka Jumamosi."

Wiki ile niliijua njia ya kwenda kwenye kinoo, lile jiwe la kunolea, kuliko njia ya kwenda Barani. Jumamosi baada ya kazi msimamizi akanivutia kigoda, akaketi nami mbele ya lile sanduku. Alichonifundisha saa ile nimewafundisha wengine maisha yangu yote.

Kwanza aliinua patasi hadi usawa wa jicho, akaitazama kama mtu anayelenga shabaha. Mpini na chuma vinatakiwa viwe kwenye mstari mmoja; patasi iliyopinda hupindisha tundu. Halafu akaulaza mgongo wake, yaani ule upande usio na mteremko, juu ya kipande cha kioo. "Tazama chini. Unaona mwanga unapenya? Basi hii huwezi kuinoa ikanoleka. Utaona makali, lakini mbao haitayaona." Akachukua tupa, kile chuma chenye meno madogo cha kusugulia, akaipitisha taratibu karibu na ncha. Tupa ikila chuma kama sabuni, chuma ni laini, kitajikunja. Ikiteleza kama juu ya chupa, chuma ni kikavu mno, kitamegeka. "Tunataka ing'ate kidogo, halafu ikatae," akasema.

Mwisho akaniambia nifumbe macho, akaniwekea patasi mkononi, moja baada ya nyingine. "Ikikulazimisha ukunje kifundo cha mkono, irudishe. Utakuwa nayo kutwa."

Nikachagua upya. Safari hii nilitoka na patasi sita zenye sura mbaya, moja ina kutu kama sufuria iliyosahauliwa. Msimamizi akazigeuza zote, akaitoa moja.

"Mpini wa hii umeliwa na mchwa. Lakini tano katika sita, si haba."

Nilikaa katika karakana ile miaka mingi, hadi msimamizi alipostaafu na wanawe wakageuza jengo kuwa duka. Kutoka hapo nikaajiriwa katika hoteli moja ya ufuoni. Huko kazi ni nyingine. Hewa ya chumvi huvimbisha milango, bawaba zinashika kutu, makufuli yanahama mahali pake. Mkuu wa Matengenezo alikuwa mtu wa bara kama mimi, mchapakazi, ila aliamini kwamba kitu kikiwa kingi ndicho bora. Aliniletea mkoba wa patasi kumi na mbili, kila moja na kitanda chake cha kitambaa cha buluu. Baada ya mwezi akapita kukagua.

"Loice, humu mna patasi kumi na mbili. Mbona naziona nne tu?"

"Nne ndizo zenye kazi, mkubwa. Ya robo inchi ni ya makufuli madogo. Ya nusu ni ya matundu. Ya robo tatu ni ya bawaba, na hii pana ya inchi moja ni ya kusafishia."

"Na hizo nane?"

"Hizo ni wageni wetu. Zimelala."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo hakununua kifaa cha mbao bila kuniuliza, nami nikawa nimejifunza jambo ambalo karakana haikunifundisha: kabla ya kuuliza patasi ipi ni nzuri, uliza ni ya kazi gani. Nne nzuri zitakutosha miaka. Ukihitaji ya tano, kazi yenyewe itakwambia.

Nilipokaribia umri wa kuanza kuhesabu magoti yangu kila ninapoinama, chuo cha ufundi upande wa mto Sabaki kilitafuta mwalimu wa useremala. Nikaenda. Miaka ile ya mwisho ndiyo iliyonipa furaha kuliko yote. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wengi wao, wametoka mashambani na kijiji cha Ngomeni, wanaume kwa wanawake, na Mkuu wa Chuo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuipita.

Nami nilikuwa na msimamo wangu. Kila darasa jipya niliwaambia kwamba patasi ya fundi ina mpini wa mti, na kwamba patasi ya mpini wa plastiki ni ya kufungulia makopo ya rangi. Wanafunzi walikariri maneno hayo kama amri.

Ikatokea mfadhili mmoja akajitolea kumpa kila mhitimu patasi nne za kuanzia maisha. Mkuu wa Chuo akaniita.

"Mwalimu, wachuuzi wameleta sampuli tatu. Hawa watu wakitoka hapa, hizo ndizo riziki yao. Mteja wa kwanza akiona mlango umechimbwa vibaya, hakuna wa pili. Nataka uchague wewe, na nataka wanafunzi waone unavyochagua."

Tukakusanyika karakanani. Sampuli ya kwanza ilikuwa takataka. Tupa iliipitia kama siagi. Ya pili ilikuwa na mipini ya mti iliyosuguliwa vizuri, pete ya shaba shingoni, imenyooka, mgongo umelala juu ya kioo bila mwanga kupenya, hata tupa, niliyoipitisha harakaharaka, haikuilalamikia. Niliipenda kama mtu anavyopenda mtoto wa jirani mwenye adabu. Ya tatu ilikuwa na mipini ya plastiki, tena ya manjano. Nikaiinua kwa vidole viwili, darasa likacheka, nami nikasema mbele ya wote, "Jibu mnalijua, lakini tujaribu kwa haki."

Nilinoa zote kwenye kinoo kimoja, kwa mteremko mmoja. Nikamwita Kadzo, mwanamke kutoka Ngomeni aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote darasani, kwa kuwa ni yeye na wenzake watakaozitumia. Akachimba tundu katika mbambakofi kwa patasi ya manjano, taratibu, bila haraka. Alipomaliza akaijaribu kwenye kipande cha mti laini. Ikakata unyoya wa mbao mwembamba, mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kwake.

Akachukua ile niliyoipenda. Tundu halijafika nusu, mlio ukabadilika. Sikuhitaji kuangalia. Makali yalikuwa yamemegeka sehemu mbili.

"Mwalimu, labda nimeigonga vibaya," Kadzo akasema. "Nichukue nyingine?"

Akachukua nyingine ya seti ileile. Ikamegeka vilevile.

Mkuu wa Chuo alikuwa ananitazama. Nitakuambieni ukweli, wasomaji wangu: lilinijia wazo la kusema kwamba ubao ule una fundo. Angeniamini. Wote wangeniamini, nilikuwa nimewafundisha kuniamini. Lakini niliona mikono ya Kadzo imeshika ile patasi iliyovunjika, nikafikiria mlango wa mteja wake wa kwanza.

"Ubao hauna fundo," nikasema. "Kadzo amegonga sawasawa. Aliyekosea ni mimi. Nimetazama mpini miaka yote hii nikasahau kuuliza chuma. Ya manjano ndiyo bora."

Nilidhani nimejivunjia heshima. Kumbe akina mama wa nyuma walipiga vigelegele! Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, na makopo ya rangi tutafungulia nini sasa?" Nilicheka hadi machozi, na Mkuu wa Chuo, ambaye sikuwahi kumwona meno, akacheka pia. Wiki zilizofuata wanafunzi waliniuliza maswali ambayo hawakuwahi kuthubutu kuyauliza, na mara mbili tatu walinibishia, na mara moja walikuwa sahihi.

Nilistaafu mwaka jana. Siku ya kuniaga walikuja hata waliohitimu zamani. Mkuu wa Chuo akasimama akasema, "Tulitaka kumpa mwalimu patasi, lakini kamati nzima imekataa kumchagulia." Watu wakaangua kicheko. Badala yake wakaleta kiti cha mbambakofi, chenye mikono na mgongo mpana, kazi ya wahitimu wangu.

Wakaniambia niketi. Mgeni rasmi alikuwa ameshika kipaza sauti, ananingoja. Nikakipindua kile kiti miguu juu, nikainama na magoti yangu haya, nikakagua viungo kimoja kimoja. Ndimi, zile ncha za mbao zilizochongwa, zimeingia kwenye matundu kama zimezaliwa humo. Nikafika mguu wa nyuma wa kushoto, nikaona kabari, kile kijipande chembamba cha mti kinachoshindiliwa kuficha mwanya.

"Nani ameweka kabari hapa?"

Mkono ukainuka kule nyuma. Alikuwa Kadzo, siku hizi ana karakana yake na mafundi wawili.

"Ni mimi, mwalimu. Makali yalikuwa yamechoka, nikaona uvivu kwenda kunoa. Nimekosea."

Nikakisimamisha kiti, nikaketi. Wakapiga makofi kana kwamba nimefanya jambo kubwa.

Vijana hunijia hapa Barani wananiuliza ni patasi aina gani wanunue. Huwaambia waje na kioo, tupa na kipande cha mti mgumu, twende dukani pamoja. Mwenye duka akituona tu huanza kuteremsha masanduku na kuguna. Tunatazama, tunapima, tunafumba macho. Rangi ya mpini siitaji tena. Na jioni narudi kuketi kwenye kiti changu, ambacho hakijalia hata siku moja. Mguu wenye kabari ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu aliyeushindilia aliniambia ukweli mbele ya watu.