Mkwaruzo wa Santuri

Nimezunguka sana tangu nitoke Mombasa, na kila mji niliolala nimewakuta vijana wanaosifiwa kwa jambo moja: ukifumba macho utadhani ni santuri. Sifa hiyo sijaielewa hata leo. Nikitaka santuri, gramafoni ipo, na gramafoni haili pilau.

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, Changamwe kulikuwa na kikundi cha namna hiyo. Nyimbo zao zote walijifunza mkahawani, kwa santuri za mwenye mkahawa. Moja, ya wimbo wa mapenzi uliopendwa mno, ilikuwa na mkwaruzo. Katika ubeti wa mwisho sindano ilikwama kwenye neno "nitangoja", ikalirudia mara tatu, kisha ikaruka mstari mzima. Vijana wale waliuiga wimbo pamoja na mkwaruzo wake. Mwimbaji, nywele zimelowa mafuta, alisema "nitangoja, nitangoja, nitangoja", fidla zikakoroma, kisha wote wakaruka pamoja kama mbuzi wanaovuka mtaro. Hapo ndipo watu waliposhangilia kuliko mahali pengine popote.

Mjomba wangu wa Magogoni alipiga udi. Alikuwa mjane, ana binti mmoja tu, na binti alipoposwa hakutaka kingine ila kumwimbia siku ya harusi yake. Lakini baba wa bwana harusi alikwisha kuwaita wale wa Changamwe.

"Mkwe, udi wako twauheshimu," alimwambia, "lakini watu wataka kitu wanachokijua."

"Basi nitapiga wimbo huo huo wanaoujua," mjomba akasema. Akakubaliwa.

Siku ikafika. Wanaume tulikaa uani chini ya turubai, wanawake walikuwa ndani, na bibi harusi karibu na dirisha. Vijana walipiga, wakakwama, wakaruka, wakashangiliwa. Kisha mjomba akachukua udi.

Aliupiga wimbo ule polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani nyumbani kwake mwenyewe. Alipofika kwenye "nitangoja" alilisema mara moja. Hakuruka. Pale palipoliwa na sindano alitia maneno yake, uso ameuelekeza dirishani: nitangoja, na mlango sitautia komeo.

"Amekosea," alisema mtu nyuma yangu. "Wallahi mzee kasahau. Pale ni mara tatu."

"Na hilo komeo kalitoa wapi? Halimo."

Mwimbaji wa Changamwe akacheka kidogo, cheko la mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mzee, pita mkahawani siku moja tukusikilizishe."

Uani pote wakacheka. Mjomba alikuwa ameanza kuufunika udi wakati somo wa bibi harusi, yule aliyemfunda, mama mmoja mnene asiyemwogopa mtu, aliposimama mlangoni.

"Bibi harusi asema, baba arudie pale pa komeo."

"Bi, chakula kimeiva," baba wa bwana harusi alisema.

"Chakula hakina miguu."

Mjomba akarudia. Wengi walikwisha kuinuka kwenda kunawa mikono, wale vijana wa mafuta wakiwa mbele. Tulibaki wachache. Dirishani mtu alilia bila kujificha.

Ndoa ile haikudumu. Kabla bendera haijabadilishwa, binti alirudi Magogoni alfajiri moja, amejitwika sanduku lake kichwani. Aliniambia mwenyewe kwamba hakubisha hodi. Aliusukuma mlango, ukafunguka, akamkuta baba yake anachemsha chai.

Mume wake alioa tena upesi. Nilikwenda kwenye harusi hiyo kwa ukorofi tu. Kikundi kilikuwa kile kile, na nywele zile zile. Walipofika kwenye "nitangoja" walikwama mara tatu, wakaruka, na watu wakashangilia.