Spika za Sichana

"Mwamvua, mumeo kila alasiri yuko juu kwa Sichana," jirani yake Nassra alimnong'oneza ngazini. "Eti wanasikiliza muziki!"

Mwamvua alijifanya hakusikia. Lakini alasiri ile spika za Sichana, yule mjane kijana wa ghorofa ya juu, zilielekezwa dirishani, zikatoa taarabu ya mke mwenza. Hapa Michenzani wimbo kama huo haupigwi bure, una mwenyewe. Mwamvua akampachika mwanawe kiunoni, akapanda.

Mlango ulikuwa wazi. Usi, mumewe, alikaa mkekani kafumba macho. "Hiyo fidla," alikuwa akisema, "kama mtu anayelia huku anajificha."

Neno hilo lilimchoma Mwamvua kuliko wimbo. Nyumbani Usi husema chai haina sukari, basi.

"Mpasho huo nnapigiwa mimi?" aliuliza.

Usi aliinuka. Sichana alicheka, hata akauona uso wa Mwamvua.

"Wallahi si wako, shoga. Spika tumezigeuza nje kwa sababu ndani besi inatikisa vyombo kabatini." Akazima redio. "Ila nnakuomba kitu. Zichukueni, zikae kwenu. Mimi ndiye nitakayeshuka kusikiliza, nawe ukae katikati yetu."