Kikombe Nilichomshikisha Binti Yangu Mjamzito

Waliomkosea mjukuu wangu ni wawili: mimi, babu yake, na muuza kahawa wa baraza letu hapa Cheyo. Nimestaafu utumishi wa umma na sipendi maelezo ya kupindapinda. Hivyo naanza na wahusika.

Binti yangu alirudi nyumbani kutoka Usoke, alikoolewa, ili uzazi wa kwanza ajifungulie kwetu, kama ilivyo desturi. Mkunga wa zahanati alikwisha kumwonya apunguze sana kahawa na chai kali, maana huweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito pungufu.

Onyo hilo nikalipeleka barazani. Laiti ningenyamaza!

Muuza kahawa alicheka hadi vikombe vikalia mkononi mwake. "Bwana Mkubwa, leo unaamrishwa na mkunga, binti wa juzi? Mama alinibeba tumboni akinywa hii hii. Nitazame kifua!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami, niliyezoea kuinukiwa na watu ofisini, nikafedheheka. Nikarudi nyumbani na kahawa chungu, birika tele.

Kwetu kikombe cha baba hakikataliwi. Binti yangu alikipokea kwa mikono miwili.

"Baba, mkunga alisema..."

"Mkunga ndiye aliyekulea?"

Akanywa. Akawa anakunywa kila alasiri, mpaka usingizi ukamhama. Ee Mola wangu!

Mtoto alizaliwa mdogo mno. Mama yake alishinda amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Mkunga alinieleza kwamba sababu huwa nyingi, na kwamba hawezi kuibebesha kahawa peke yake lawama. Nafuu hiyo siitaki!

Nilikwenda barazani, nikalimwaga birika la yule bwana mchangani mbele ya wateja wake. Sikutosheka, wala sijatosheka hadi leo. Nikamsimulia binti yangu kwa majivuno. Hakuinua macho.

"Baba, yeye hakunishikisha kikombe."

Wazee wenzangu, binti mjamzito akikataa kikombe chako, mshukuru!

Kwa hiyo nadai rasmi: muuza kahawa asimame katika baraza lile lile, mkunga akiwapo, atamke kwa sauti ile ile aliyonichekea kwamba alinena asilolijua. Sitamsamehe kabla ya hapo. Akiketi, nitasimama mimi. Binti yangu aketi mbele, mtoto mikononi, aniulize atakalo. Nami nimjibu mbele ya wote.