Mkonga wa Kushoto

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu ndiye aliyefinyanga uso wa sanamu ya Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, kwa ajili ya sikukuu yake ya kila mwaka, na kwa miaka hiyo yote mumewe ndiye aliyevishwa shada la maua. Mume alifunga mianzi na majani makavu, akajenga miguu na kitambi cha mungu; akifika shingoni ananawa mikono na kumwambia mkewe ampe sura. Ndani ya karakana, hilo halikuwa siri. Nje, fundi alikuwa mmoja, na fundi ana masharubu.

Mume alipofariki, miezi mitano kabla ya sikukuu, mjane alijua anachotaka: aitwe fundi, basi. Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya hekalu, muuza vioo, akamweleza mambo yalivyokuwa. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia chai, kisha akamwambia kamati imeshaamua. Kazi ni ya ukoo, na ukoo bado una mwanamume.

Mwanamume mwenyewe ni shemeji yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Picha. Kazi yake karakanani ilikuwa kukodi lori. Lakini sanamu ikikamilika tu, yeye ndiye wa kwanza kusimama mbele yake, kidevu juu, simu mkononi, kana kwamba yule mwenye kichwa cha tembo ni mtoto wake wa kumzaa.

Mjane akaambiwa anaweza kusaga rangi. Akasaga.

Bwana Picha alijifungia wiki tano, hataki jicho la mtu. Alibandika ukutani picha aliyojipiga mwaka uliotangulia, yeye na mungu bega kwa bega, akainakili mkunjo kwa mkunjo. Tuseme haki, ustadi wa mikono hakukosa. Asichokijua ni kwamba simu yake, mtu akijipiga picha mwenyewe, hugeuza kila kitu kama kioo.

Siku moja kabla ya sikukuu, asubuhi, kuhani akaja kukagua. Alitazama, akazunguka, akatazama tena. Shoka analoshika mungu kuhamia mkono mwingine angevumilia. Lakini mkonga ulikuwa umejikunja kuelekea kulia kwa mungu. Pale hekaluni walimjua Ganesha wa mkonga wa kushoto, mpole, anayewaondolea watu vikwazo na kuwapokea na makosa yao. Wa kulia ni mkali. Anadai ibada isiyo na kasoro hata moja, kila siku kwa saa yake, na waumini wale hata kufika kwa wakati kulikuwa kunawashinda. Jioni sanamu ilipaswa kubebwa hadi hekaluni. Alfajiri kuhani angesoma sala za kumkaribisha mungu ndani yake, na baada ya hapo hakuna wa kumgusa.

Bwana Picha akapendekeza msumeno.

Mwenyekiti alivuka barabara mwenyewe, jasho linamtiririka, mpaka mlangoni kwa mjane.

"Dada yangu, tuokoe."

Hapo mwanamke huyu ndiye aliyekuwa ameshika mpini. Angeweza kudai chochote: jina lake litangazwe, karakana iandikwe yake, shemeji arudi kwenye malori. Mwenyekiti angekubali kabla mjane hajafunga mdomo. Nguvu ya mwenye mzigo haidumu hata dakika moja baada ya mzigo kumtoka mkononi, na hilo angeambiwa na mchuuzi yeyote sokoni. Yeye aliona haya kupatana bei juu ya mungu. Alidhani pia kwamba watu wakiona kwa macho yao, watasema ukweli.

"Nipisheni nifanye kazi," ndilo pekee alilosema.

Aliukata mkonga kwa waya, akachanja sehemu ya kiungo ili mpya ushike, akailowesha kwa uji wa udongo uliochanganywa na pamba ili usipasuke. Akajenga mpya, ukishukia kushoto. Akaukausha kwa jiko la mkaa, akilisogeza kila mara, maana joto likizidi udongo hufanya nyufa. Saa kumi na moja jioni akapaka rangi. Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi tangu asubuhi, akimtazama.

Kesho yake mwenyekiti akashika kipaza sauti, akamsifu fundi aliyeshinda kutwa nzima akiisawazisha kazi yake mpaka dakika ya mwisho. Shada likaenda shingoni kwa Bwana Picha. Akainama kulipokea.

Mjane alimsubiri mwenyekiti nje ya hekalu, penye viatu walivyovua waumini.

"Uliniona kwa macho yako."

"Nilikuona, dada. Sasa tungesemaje? Kwamba mungu wetu alikosewa? Hayo mengine ni ya familia, yamalizeni nyumbani."

Siku ya kumi sanamu ilipelekwa mtoni kwa ngoma, kama ilivyo desturi, irudi kuwa matope. Mkonga ulitangulia kumeguka, kwa kuwa udongo wake ulikuwa haujakauka vizuri ndani. Kazi ya mjane ikaenda na maji, na ushahidi pamoja nayo.

Bwana Picha akamsogelea, sauti chini.

"Shemeji, mwakani uso ufanye wewe. Mimi sitaki tena balaa hili."

"Na fundi ataitwa nani?"

"Ah, shemeji nawe. Si sote ni nyumba moja?"

Mjane aliutazama mto. Ufundi mwingine hakuwa nao, na ufunguo wa karakana ulikuwa mfukoni mwa mwanamume huyu. Akamuuliza udongo utaagizwa lini.