Bi Mkubwa Hajarudi Nyumbani

Usiku ule nililala mapema kwa sababu sikuwa na mtu wa kukaa naye. Huku kwetu Njombe ukungu ukishashuka, giza linawahi, na nyumba ya mtu mmoja hupoa upesi kuliko nyumba ya watu wawili. Nilizima taa, nikajifunika mablanketi yote niliyo nayo, simu nikaiweka chini ya mto. Jioni ile mwanangu Tumaini alikuwa amenipigia na kuniambia, kwa ile sauti ya upole ambayo siipendi, "Mama, kesho asubuhi nipe jibu. Kuna mtu huko Ihanga anaitaka pikipiki ya baba. Tumwuzie hukohuko iliko, halafu wewe uje Dodoma ukae na sisi." Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri chochote, nililala.

Pikipiki yenyewe inataka maelezo. Marehemu mume wangu, Baba Tumaini, alikuwa bwana mifugo, na katika maisha yake alimiliki pikipiki tatu. Ya kwanza aliinunua bado hajaoa: ndogo, nyekundu, injini ya kukohoakohoa asubuhi. Baadaye akapata ya buluu iliyoweza kupanda mlima wowote, na uzeeni Tumaini akamletea mpya kabisa, kiti bado kina nailoni. Ile ya buluu aliiuza, ile mpya akaipa kwaya ya kanisa. Hii nyekundu hakuiachia mtu. Aliiita Bi Mkubwa, kwa kuwa alikuwa naye kabla yangu, na mimi akaniita Bi Mdogo mbele za watu. Mwanzoni nilinuna. Halafu nikazoea, mpaka nikawa namuuliza, "Mke mwenzangu leo kaamkaje?" Wanaume walipokaa kubishana ni pikipiki ipi iliyompa mtu raha kuliko zote alizowahi kuwa nazo, wenzake walitaja zenye mbio na zenye nguvu. Yeye alisema, "Bi Mkubwa. Hizo nyingine nilizipanda tu."

Na mimi nilipanda nyuma. Nilikaa upande, miguu yote kushoto, kwa sababu bomba la moshi liko kulia na lingeniunguza, na kwa sababu siku zile mke wa bwana mifugo hakupanua miguu barabarani. Kasha la barafu lenye chanjo nililipakata mapajani. Kwa hiyo kila barabara niliijua kwa nusu: wakati wa kwenda niliona upande mmoja, wakati wa kurudi nikaona upande wa pili. Mbele sikuwahi kupaona. Mbele kulikuwa na mgongo wake na koti lake la mvua la njano.

Ihanga tulikwenda mara moja tu, na hatukurudi. Ng'ombe wa Mzee Mgaya alikuwa anashindwa kuzaa, wakatuita. Baba Tumaini alihangaika naye mpaka ndama akatoka mzima, akacheka kwa sauti, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda kusubiri chai. Akaegemea ukuta. Chai ilipoletwa hakuwa nasi tena. Nilirudishwa naye kwenye lori la viazi, kwa barabara kubwa ya kuzunguka, maana lori halipiti daraja la miti tulilopita sisi. Nilikaa chini kando yake, kichwa nimejifunika, sikuona upande wowote. Bi Mkubwa akabaki uani kwa Mzee Mgaya. Mzee wa watu hupiga simu mara kwa mara: "Mama, hii pikipiki nimeifunika turubai, lakini kuku wameanza kutagia kwenye kiti." Kila mara namwambia nitakuja. Tangu msiba ule mimi ni wa kanisani na sokoni tu, na jioni nakaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Basi, usingizini nikamsikia Baba Tumaini. Siyo yeye, injini. Kile kikohozi chake ninakijua, cha kushuka gia kwenye kona yetu, na ule mlio wa madigadi iliyolegea. Nikainuka, nikafungua mlango, kumbe ni mchana. Amesimama uani na koti lake la njano, linachuruzika maji, na mvua hakuna.

"Kamwene, Mama Tumaini," akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene."

Hakuingia ndani. Nilijua kwamba amekufa. Nilijua vizuri kabisa, ila niliona ni utovu wa adabu kumwambia mtu jambo kama hilo kwenye uwanja wake mwenyewe. Nikamtazama tu. Amenyoa ndevu vizuri. Nikajiuliza nani kamnyoa.

"Hatujarudi," akasema.

Nageuka kuchukua kitenge, na ninapogeuka tena pale siyo kwetu. Ni kwa Mzee Mgaya. Ndama amesimama kwa miguu yake inayotetemeka. Kigoda kipo, na juu yake kikombe cha chai kinafuka moshi, chake, kile ambacho hakukinywa. Anakitazama kwa muda, hakigusi. Bi Mkubwa yuko chini ya turubai. Baba Tumaini analivuta turubai taratibu, kama anavyomfunua mgonjwa, na kuku anaruka kutoka kwenye kiti akilalamika. Ameacha yai. Baba Tumaini analichukua na kuniwekea kiganjani. La moto.

Anavuta choki, anapiga kiki. Anapiga tena. "Haya bibi," anamwambia Bi Mkubwa, siyo mimi, "twende nyumbani." Inawaka. Ninapanda kama nilivyozoea, miguu kushoto, na mapajani badala ya kasha la barafu nimeshika yai.

Tukaondoka. Na ule upande wa pili wa barabara ya Ihanga, ambao sikuwahi kuuona, ukaanza kupita mbele ya macho yangu. Niliona mianzi ya ulanzi imefungiwa vibuyu, na pombe inadondoka ndani yake polepole. Niliona shamba la viazi limechanua maua, jeupe kwa zambarau, likipanda hadi kwenye ukungu. Niliona shule, watoto wamepanga mstari wanaimba, midomo inafunguka ila sauti haifiki. Vyote hivi vilikuwa huko siku ile tulipopita, nyuma ya kisogo changu, na mimi sikugeuza shingo kwa sababu nilijua nitaviona jioni tukirudi.

Mbele kidogo, chini ya mti wa msindano, pikipiki mbili zimeegeshwa. Moja ya buluu, nyingine bado ina nailoni. Baba Tumaini anapiga honi fupi, ya heshima, kama mtu anayepita kwa wakwe, wala hapunguzi mwendo. Ningecheka, lakini pembeni yao, kwenye mlango wa nyumba nisiyoijua, mama yangu mzazi amekaa anamenya viazi. Mama amekufa siku nyingi. Ananiona. Ananyanyua kisu kunisalimu, halafu anaendelea kumenya. Haniiti. Nilitaka kusema simama, na hapohapo sikutaka asimame, maana nilihisi pikipiki ile ikisimama mara moja, safari imekwisha.

Nikaegemeza shavu kwenye mgongo wake. Miaka yote ile nilifanya hivyo kwenye baridi, na mgongo ulikuwa unapanda na kushuka kwa pumzi yake, joto linapenya koti. Sasa haupandi, haushuki. Ni koti tu, na baridi ya koti. Nikalia palepale, bila aibu, upepo unayakausha machozi kabla hayajafika kidevuni.

"Baba Tumaini," nikasema, "nyumbani kuna baridi."

Hakugeuka. "Najua," akasema.

Tukafika darajani.

Daraja lile la miti, ambalo tulilivuka pia kwenda vijiji vingine kabla njia ya Ihanga haijachepuka, lina desturi yake. Halipendi mzigo wa watu wawili. Kila tulipofika, mimi nilishuka. Yeye akavuka na Bi Mkubwa, akasimama ng'ambo bila kuzima injini, maana pale chini ya mlima Bi Mkubwa akizima hawaki tena kwa urahisi. Mimi nikavuka kwa miguu, nimeinua kitenge, natazama maji kwenye nyufa za mbao. Yeye ananisubiri. Hakuwahi kuondoka hata hatua moja kabla sijakaa vizuri na kumgusa bega.

Anasimamisha pikipiki. Ninaanza kushuka, na yeye ananizuia kwa mkono.

"Hapa nashuka mimi."

"Anayeshuka ni wa nyuma," nikamwambia. Nilisema kwa ukali, kama namsahihisha mtoto.

"Basi njoo mbele."

"Sijavaa suruali!"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha siku ya ndama, na nikafurahi kukisikia hata nikasahau nilichokuwa nakataa. Kuendesha najua. Alinifundisha mwenyewe zamani, kwenye uwanja wa josho, klachi na gia na breki, nikazunguka nacheka peke yangu, halafu nikaona watu wamesimama kwenye ua wanatazama, nikashuka. Hakunilazimisha tena. Aliniambia tu siku ile, "Mke mwenzako amekupenda."

Ameshashuka. Sijui nimefikaje mbele, lakini nimekaa mbele, mguu huku na mguu huku, kitenge kimepanda hadi magotini. Anaponyoosha kiganja, nampa yai. Analishika kwa mikono miwili.

"Ukifika ng'ambo usizime," anasema.

Ninaachia klachi. Mbao zinanguruma chini yangu. Na kwa mara ya kwanza hakuna mgongo, hakuna koti la njano, nami ninaona kilicho mbele. Ni barabara tu. Nyekundu, imelowa, inapanda katikati ya misindano, haina mtu. Nilidhani mbele kuna jambo kubwa ambalo yeye alikuwa akiliona miaka yote hiyo peke yake. Kumbe alikuwa akiona hii, na akiipenda.

Nafika ng'ambo. Nasimama kama alivyokuwa akisimama, mguu mmoja chini, injini inaunguruma. Nageuka. Amesimama kule mwanzo wa daraja, koti lake la njano ndilo pekee lenye rangi, yai mikononi. Nasubiri aanze kuvuka. Najua mwendo wake, najua ataanza na mguu wa kulia. Haanzi. Ukungu unashuka mtoni. Bi Mkubwa anaanza kukohoa, namwongezea mafuta asizime, natazama nyuma, naongeza mafuta, natazama nyuma.

"Njoo!" nikaita. "Mimi nilikuwa nakuja kila siku!"

Ukungu umefika kwenye koti. Sauti yake ikaja kavu, ya karibu, kama ananisemea sikioni.

"Mama Tumaini, usinisubiri."

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, dirisha limekuwa jeupe kwa umande. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelishika blanketi na kulisokota kwa nguvu, kama mtu anayevuta mafuta, hata vidole vikaniuma kuvifungua. Upande wake wa kitanda ulikuwa wa baridi kama kila asubuhi. Nilikaa pale nikalia kilio ambacho hata msibani sikukilia, kwa sababu msibani nilikuwa bado namsubiri. Nilikuwa namsubiri kila jioni kwenye kile kiti, ila sikuwa nimejiambia. Upweke wangu ulikuwa umetazama mlango muda wote huo.

Nikatoa simu chini ya mto.

"Shikamoo, mama," Tumaini akaitikia na usingizi.

"Marahaba. Mwambie yule mtu haiuzwi."

"Mama, sasa itakaa kwa watu mpaka lini? Nani ataipanda?"

"Mimi."

Nikasikia mkewe anamuuliza kuna nini.

"Na kuhusu kuja huku?"

"Nitakuja kuwasalimia, mwanangu. Kukaa, nakaa kwangu."

Nikafungua sanduku lake, ambalo sikuwa nimelifungua, nikatoa suruali yake ya kazi. Bado ina harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikaikunja miguuni, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, nikatelemsha gauni juu yake na sweta juu ya gauni. Jirani yangu Mama Eliza alikuwa anafagia uwanja wake nilipopita.

"Heh! Mama Tumaini, mavazi gani hayo? Na baridi hii unakwenda wapi?"

"Nakwenda Ihanga. Malori ya viazi yanaondoka sasa hivi, nitaomba lifti."

"Kurudi je?"

"Narudi na mke mwenzangu."

Aliacha ufagio, akanitazama kuanzia sweta mpaka kwenye ile mikunjo ya suruali, akaelewa. "Na nyuma unampakia nani?" akauliza.

Nikampungia mkono, nikaendelea kutembea. Nyuma hakutakuwa na mtu. Nitafunga labda kuku wa Mzee Mgaya, akinipa, ili kiti kisiwe kitupu sana. Nikifika darajani hakuna wa kushuka, nitavuka moja kwa moja. Ng'ambo nitasimama kidogo, injini ikiwaka, kwa heshima tu. Halafu nitaingiza gia niende nyumbani.