Wiki Moja Mferejini

Kwa watu wa Bellevue, mtaa wa Johannesburg, habari kwamba Théodore fundi cherehani anakwenda Uingereza kulala wiki nzima ndani ya mashua ilikuwa kichekesho cha mwezi. Mtu mwenye akili, walisema, akipata bahati ya kufika Ulaya hulala ghorofani, kwenye zulia, si juu ya maji kama bata. Théodore aliwaacha wacheke. Mwaka ule wa 2018 alikuwa ametimiza miaka arobaini na minne, meza yake imejaa suti za harusi za watu, na kaka yake Lambert, ambaye kwa miaka kumi na mitatu Théodore hakujua kama yu hai au amekufa, alikuwa amemwita.

Lambert anaishi kaskazini mwa Uingereza. Kila Jumamosi husafisha mashua za kukodisha, zile nyembamba na ndefu zinazopita kwenye mifereji iliyochimbwa zamani kubebea makaa ya mawe. Mwenye mashua alimpenda kwa usafi wake, akampa moja kwa wiki ya tatu ya Agosti, bure, atembee na amtakaye. Lambert akatuma sauti kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo. Mashua haitaki leseni, alieleza, inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, ina vitanda vinne na jiko la gesi. Kazi ngumu ni moja tu: njiani kuna malango makubwa ya mbao yanayozuia maji, na lazima mtu ashuke nchi kavu ayasukume kwa mgongo ndipo mashua ipite. Hiyo kazi ni ya Théodore, alisema, maana mguu wake yeye hauwezi.

Théodore aliisikiliza sauti ile mara nyingi, na kila ilipofika kwenye mguu aliizima.

Jumapili moja baada ya ibada alichukua chaki yake ya kushonea na futi ya kupimia, akaichora mashua uani, upana mita mbili, urefu mita kumi na saba. Nyumba yao ni ya zamani, imegawanywa vyumba kwa wapangaji saba, na ua wake haukutosha, kwa hiyo mashua ikatoka getini ikamalizikia kando ya barabara, karibu na pipa la taka. Mkewe Marthe, aliyekuwa aende naye, alisimama kwenye jiko la chaki, akageuka kulia, akageuka kushoto, akauliza ugali atausongea wapi pahali ambapo hata mwiko hauzunguki. Mwatumu, jirani yao wa Tanga anayeuza sambusa, aliingia akakagua chumba cha kulala kwa macho ya dalali. Akasema mtu aliyezoea kupanga Bellevue akilala humo hatajua kama amehama. Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Théodore alicheka kuliko wote, na ninaisema siku hiyo kwa sababu zilizofuata hazikuwa hivyo.

Fomu ya viza ilikuwa kwenye kompyuta, na aliyeijaza ni Orpha, binti yao mkubwa, aliyekuwa chuoni na Kiingereza chake hakikwami. Alitaka karatasi ya ukimbizi ya baba yake. Théodore alikuwa amekwenda mtaa wa La Rochelle, humo humo jijini, kupeleka koti la bwana harusi. Marthe, bila wazo baya, akauvuta mfuko wa karatasi kutoka chini ya kitanda akampa mtoto. Mfuko huo kwa miaka yote alikuwa akiufungua Théodore peke yake, na kila mtu alidhani ni utaratibu tu wa mwanamume mwangalifu.

Aliporudi aliwakuta wamekaa wote wawili kitandani. Orpha alishika barua ya mwaka 2006, ile iliyomkubali baba yake kuwa mkimbizi.

"Papa, hapa wanaandika asema Uncle Lambert alikufa," alisema kwa Kiswahili chao cha nyumbani. "Asema wewe ulimuona."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Théodore ilikuwa imefika miaka kumi na miwili, na hapo ndipo ilipokatika.

Ilikuwa hivi. Alipofika Johannesburg alipanga foleni ya wakimbizi siku nne, na kwenye foleni ile kulikuwa na Mkongomani mmoja, Alexis, aliyekuwa akiwasikiliza wenzake hadithi zao na kuzitia chumvi palipopungua. Msimcheke Alexis, wala msimlaani haraka. Alikuwa ameona watu waliokimbia mauti kweli wakakataliwa kwa kuwa hawakujua kusimulia. Théodore alimweleza yake: kijiji chao upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, kilishambuliwa asubuhi, wakakimbia, akapotezana na kaka yake. Alexis akatikisa kichwa. Hadithi isiyo na maiti ni nyepesi, alimwambia, upepo utaibeba. Basi ndani ya ofisi Théodore akasema alimwona kaka yake akipigwa risasi. Alipewa karatasi. Juu ya karatasi hiyo wakapanda Marthe, kisha Orpha, kisha Hénock mdogo, shule, kitambulisho, kibali cha kufanya kazi, kila kitu. Mwaka 2016 sauti ya Lambert ilipojitokeza kwenye simu ya muumini mmoja wa kanisa, Théodore alipiga magoti mbele ya watu wote akalia. Watu walidhani ni furaha tupu.

Marthe hakupiga kelele. Ni mwanamke anayepiga hesabu kwanza, hasira baadaye. Alisema karatasi hiyo imebeba watu wanne, na mwakani ni ya kufanywa upya. Fomu hii inauliza jina la anayekualika na ni nani wako. Théodore akiandika Lambert ni kaka, atakuwa amealikwa na marehemu, na serikali hizi mbili zikiamua kuongea, yeye na watoto wake watarudishwa wapi? Safari ifutwe, au Lambert aandike barua kwamba Théodore ni rafiki yake wa utotoni. Rafiki hana haja ya kuwa hai wala kufa kwenye faili la mtu.

Théodore alikubali upesi mno. Nadhani hata Marthe aliuona ule upesi.

Kumwambia Lambert ndiko kulikomshinda. Alirekodi sauti, akaifuta. Akarekodi nyingine, akaifuta. Lambert yeye aliendelea kutuma habari za mashua: amewatengea kitanda cha mbele, palipo na dirisha, amepata unga wa muhogo, wasisahau majaketi ya mvua. Kila habari njema ilimchoma Théodore. Alishona mkono wa koti kinyumenyume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi. Siku ya tano akapiga simu mchana, akafunga mlango wa duka, akasema yote, ofisi, Alexis, risasi, na kwamba sasa anaomba barua ya urafiki.

Lambert hakugusia viza wala barua.

"Katika hadithi yako," Lambert aliuliza, "nilikufa namna gani?"

Théodore akamjibu kwamba aliwaambia maofisa kaka yake alipigwa risasi mbili mlangoni, akaanguka, hakusema neno.

"Lakini nilisema. Nilianguka, mguu ukavunjika, nikaita jina lako mara tatu. Ulinisikia?"

Hilo ndilo swali ambalo Théodore alikuwa akilikimbia, na si tangu 2006 bali tangu asubuhi ile yenyewe. Uongo wa Alexis haukumlemea kama watu walivyoweza kufikiri. Ulimsitiri. Maiti haiiti mtu, na mtu aliyeacha maiti hajaacha ndugu. Aliuishi uongo ule hadi siku nyingine akauamini, na Lambert alipofufuka kwenye simu, kilichomliza kanisani kilikuwa furaha na hofu kwa pamoja.

"Nilikusikia, yaya," alisema, akitumia neno la kwao la kumwita kaka mkubwa.

"Najua. Nilikuona umepunguza mbio. Halafu ukaendelea."

Théodore alikaa chini, kwenye vipande vya vitambaa. Lambert hakuwa na sauti ya ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema ameyajua hayo siku zote, kambini miaka tisa, na Uingereza, na kwenye kila simu yao ya Jumapili wakiulizana habari za watoto. Hakutaka kuyauliza kwa simu. Hakutaka pia kumwalika nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna wageni, kuna kanisa, kuna televisheni, na watu wawili wanaweza kupishana mwezi mzima wakicheka. Mashua aliiomba mwenyewe kwa bosi wake. Hakupewa kama zawadi, alikuwa amedanganya hapo kidogo. Alitaka wao wawili wabanwe mahali pembamba, hata Marthe akiwepo, mpaka mmoja aseme.

"Sasa umesema. Barua ya rafiki sitaandika," Lambert alimalizia. "Miaka yote hii nimelala maiti kwenye karatasi yako. Nitoe humo kwanza, ndipo uje."

Nyumbani Théodore alimweleza Marthe kila kitu, hata lile la kupunguza mbio. Alimwambia anataka kwenda Pretoria, kwenye ofisi ya wakimbizi, kurekebisha maelezo yake. Walikwenda kwanza kwa mwanasheria anayesaidia wakimbizi bila malipo, naye aliwasikiliza vizuri wala hakuwapa ahadi. Akikiri mwenyewe wanaweza kumwelewa, alisema, kwa kuwa vita ilikuwa ya kweli; na wanaweza kuifuta karatasi. Marthe alimuuliza mumewe kama anajua anawaweka watoto hatarini kwa ajili ya safari ya mashua. Théodore alijibu kwamba safari aliiacha zamani, na Agosti ikipita ipite. Alisema mdomo wake ndio uliomuua Lambert na ni huo huo unaotakiwa kumfufua. Marthe hakusema naye siku tatu. Siku ya nne alimpigia pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni, bado hasemi.

Jumatatu Théodore alipanga foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilifika karibu na saa tano. Ofisa alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka, na pembeni yake mkalimani wa Kiswahili, mzee wa Bukavu. Ofisa alifungua faili, akauliza kama ni anwani anayotaka kubadilisha.

"Si anwani," Théodore alisema. "Kaka yangu hakufa. Aliniita, nikamsikia, nikakimbia."

Mkalimani alimtazama usoni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana uhakika. Théodore alisema ndiyo, na mzee akamgeukia ofisa akaanza kutafsiri.