Santuri ya Mama na Gramafoni ya Uyole

Ninunue mpya au iliyotumika? Unaweza kucheka, lakini swali hilo liliniondolea usingizi karibu mwezi mzima. Na yaliyofuata yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Sina faida yoyote ya kukudanganya.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa kazi Iringa mjini, na baba alikuwa akikaa nami Kihesa tangu mama afariki. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa letu. Kwaya hiyo ilirekodiwa santuri moja, nasi tulikuwa na nakala moja tu. Siku ya kuanua tanga ilikuwa inakaribia, na baba aliomba kitu kimoja: amsikie mama akiimba mara moja, ndipo amwache aende.

Gramafoni hatukuwa nayo. Duka moja la mjini lilikuwa na mpya, ya aina ambayo mota inazungusha sahani yenyewe moja kwa moja, haina mkanda wa mpira wa kulegea na kuvuruga sauti. Kisha mwenzangu wa ofisini akaniambia kwamba Uyole, kule Mbeya, kuna mjane mwenye ya aina hiyo hiyo, imetumika miaka michache.

"Ile ni chuma, bwana," akasema. "Hiyo ya dukani plastiki tupu."

Basi nikaanza. Mpya ina mkono wa sindano mwepesi, hautaikwangua santuri. Je, ikiwa na kasoro ya kiwandani? Iliyotumika imeshajaribiwa, je, sindano yake imechakaa kiasi gani? Asubuhi moja baba akaniuliza, "Mwanangu, unanunua gramafoni au unaoa?"

Nikapanda basi la Mbeya, santuri nimeificha ndani ya koti.

Mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka Uyole, hata ng'ombe nyuma ya nyumba niliwasikia bila kuwaona. Mjane, Mama Atu, alinikalisha sebuleni, akaenda jikoni kuleta chai. Gramafoni ilikuwa pembeni mezani, imefunikwa kaniki nyeusi. Mimi, mtu wa kufikiria kila jambo mara kumi, hapo sikufikiria hata mara moja. Niliivuta ile kaniki.

"Umekuja na ya kwako?"

Mzee mmoja alikuwa ameketi nyuma ya mlango, amevaa koti refu la mvua. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri.

"Ninyi wasomi," akasema, "mnauliza mashine inazungukaje. Hamwulizi itazungusha nini. Lete."

Kwa nini nilimpa? Mpaka leo sijui. Aliishika santuri kwa kingo, taratibu, akaiweka. Sahani ikaanza kuzunguka kimya kabisa. Kisha mama akavuta pumzi. Niamini, ile pumzi yake ya kabla ya wimbo naijua tangu nilipokuwa mgongoni kwake. Akaanzisha, kwaya ikaitikia.

Wimbo ulipoisha mzee akainua mkono wa gramafoni. "Inatosha. Chukua yako uende."

"Mara moja tena, baba."

"Mara ya pili itakuwa yangu."

"Tafadhali."

Akanitazama kwa huruma. "Haya."

Nikafumba macho. Nikamsikia tena, ila safari hii sauti ilitoka mbali, kama mtu anayeimba huku akienda zake.

Birika lilianguka. Mama Atu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani kaifunua?"

"Mimi, mama. Tulikuwa tunasikiliza na mzee..." Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu, sahani imesimama.

"Mzee yupi? Nyumba hii haina mwanamume tangu nimzike mume wangu. Tanga bado hatujaanua, shemeji zangu hawajafika kutoka Makongolosi. Nilikuambia keti unywe chai. Nilikuambia uiguse?" Akasogea, akanionyesha ncha ya ule mkono. "Tazama. Haina sindano. Tulimzika nayo mfukoni. Mwenyewe aliomba."

Nilirudi Iringa, nikanunua ile mpya siku hiyo hiyo niliyoshuka kwenye basi. Baba alipotoka nikaijaribu. Kwaya ilikuwepo yote. Lakini palipokuwa na sauti ya mama palikuwa kimya. Hapakuwa na mkwaruzo wala mlio. Kwaya ilinyamaza ikimsubiri, kisha ikamwitikia.

Niliandaa uongo wa kila namna: gramafoni ni mbovu, umeme umekatika, santuri imepinda kwa jua. Usiku nikaupima mmoja mmoja. Asubuhi nikamwambia baba ukweli wote.

Aliichukua santuri, akaifuta vumbi.

"Kwa hiyo wewe ulimsikia mara mbili."

"Ndiyo, baba."

"Alivuta pumzi kwanza?"

"Alivuta."

"Basi siku ikifika, iweke."

Miaka imepita na mimi bado siwezi kumwamkia mzee nikatulia mpaka aitikie. Wewe unayesoma, ukiingia nyumba ambayo tanga halijaanuliwa, ukakuta kitu kimefunikwa, kiache. Na ukipewa mara moja, shukuru uondoke. Usiombe ya pili.

Siku ya kuanua tanga niliiweka santuri mbele ya ndugu wote. Ukimya wa mama ulipofika, watu wakaanza kutazamana. Baba akainuka kwenye kiti, akavuta pumzi, akaanzisha yeye. Kwaya ikamwitikia.